Koleji ipi Cambridge? Kisa cha mhadhiri mwenye mke na watoto wawili

Mwombaji ni mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu kimoja cha umma, makazi yake Morogoro. Mkewe ni muuguzi. Wana binti wa miaka 6 na mvulana ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 2. Mwishoni mwa 2024 alikuwa tayari na kitu ambacho waombaji wengi wa shahada ya uzamivu hukikosa: msimamizi wa Cambridge aliyesoma andiko lake kuhusu kunde na bakteria wa mizizini wanaoipatia mimea naitrojeni ya hewani, akamjibu kwamba angependa kumpokea. Fomu ya maombi ilikuwa imejazwa yote isipokuwa sehemu moja, ile inayotaka utaje koleji unayoipenda kwanza na ya pili, au useme huna chaguo. Hapo akakwama, akaniomba ushauri, na tarehe ya mwisho ya wanaoomba pamoja na ufadhili, mwanzoni mwa Desemba, ilikuwa imekaribia sana.

Ameniruhusu nikieleze kisa chake bila jina. Nakieleza kwa urefu kwa sababu nimewaona vijana wetu wenye akili nzuri wakilimaliza swali la koleji kwa kutazama picha za majengo, na wengine wakiliogopa hadi wanachelewesha fomu nzima. Kwa mtu anayetoka mbali na mwenye familia, yote mawili yana gharama kubwa.

Tuanze na koleji yenyewe. Cambridge ina koleji 31, na hazifanani na ndaki za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo zimegawanywa kwa fani na ndimo mnamofundishwa. Koleji ya Cambridge ina mwanasheria, mwanahisabati na mtaalamu wa mimea chini ya paa moja. Ina mali yake, nyumba zake, bwalo lake, maktaba yake na bajeti yake. Maabara, mitihani na shahada ni vya chuo kikuu na idara zake. Anayesoma uzamivu hufundwa na msimamizi wake ndani ya idara; koleji humpa mahali pa kulala, mahali pa kula, watu wa kuishi nao, na mlezi. Huyo mlezi nitamrudia, maana umuhimu wake huonekana mtu akishafika tu.

Utaratibu wa kupita fomu nao unatuliza moyo ukiuelewa. Maombi ya uzamivu huanza idarani. Idara ikiridhika hupeleka pendekezo kwa kamati ya shahada, kisha ofisi ya udahili hutoa barua, halafu ndipo jina linakwenda kwenye koleji uliyoitaja kwanza. Ikikataa, huenda ya pili. Ya pili ikikataa, chuo kikuu chenyewe hukutafutia nyingine, kwa sababu anayepewa nafasi na kutimiza masharti hahesabiwi kuwa mwanafunzi bila koleji. Kwa hiyo mtu hanyimwi uzamivu kwa sababu ametaja koleji yenye ushindani, wala haongezewi nafasi kwa kutaja isiyojulikana. Mhadhiri wetu alikuwa anaamini kinyume chake. Alikuwa ameandaa hesabu ya kuotea koleji ipi ina waombaji wachache ili "apenye". Nilimwambia aiweke kando.

Kwa anayeomba shahada ya kwanza mambo ni tofauti kabisa, na naomba msomaji asichanganye. Huko maombi hupita UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, kabla ya tarehe 15 Oktoba, huruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, na koleji ndiyo inayosoma faili lako, kukuhoji na kukupangia yale mafundisho ya watu wawili au watatu kwa mwalimu mmoja. Tena mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nje hutozwa ada ya koleji kando ya ada ya chuo, na kiasi hutofautiana kati ya koleji na koleji. Kijana wa kidato cha sita ana haki ya kuumiza kichwa zaidi. Kisa hiki ni cha mtu mzima wa uzamivu.

Katika majuma yale familia nzima ilikuwa na maoni. Baba mdogo wake, mzee wa Tanga aliyewahi kufanya kazi bandarini na msomaji mkubwa wa magazeti, alitaka Trinity. "Trinity ndiko alikosoma Newton. Nehru naye kasoma huko huko. Wewe unatafuta nini kwingine?" Rafiki yake wa Kampala alimkumbusha kwamba Kabaka Mutesa wa Pili alisoma Magdalene miaka ya 1940. Mtu mwingine alitaja King's kwa ajili ya lile kanisa lake maarufu, naye, kwa kweli, alikuwa anaichanganya na King's College ya London, ambayo ni taasisi nyingine kabisa katika mji mwingine. Hilo hutokea sana. Majina kama King's, Trinity na St John's yamerudiwarudiwa katika vyuo vya Uingereza, kwa hiyo mtu akikutajia koleji, muulize kwanza ni ya chuo gani.

Sikumdharau mzee wa Tanga. Hoja yake ina uzito ambao vijana hawauoni. Trinity, iliyoanzishwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1546, ndiyo tajiri kuliko koleji zote za Cambridge, na utajiri wa koleji humfikia mwanafunzi: ruzuku za safari za utafiti, msaada wa dharura, ufadhili wa koleji wenyewe. Baadhi ya ufadhili huo hutolewa kwa wanachama wa koleji hiyo tu, au kwa walioitaja kuwa chaguo la kwanza. Mtu asiye na mfadhili anapaswa kuanzia hapo hasa. Aorodheshe ufadhili wa koleji unaomruhusu raia wa nchi yake na fani yake, kisha koleji ifuate ufadhili. Oxford hali huwa hivyo kwa uwazi zaidi, kwani upo ufadhili uliofungwa kwenye koleji fulani, na ukiupata unahamishiwa huko hata kama uliandika kwingine.

Jina la koleji pia linaweza kuwa na maana ya kitaaluma mara mojamoja. Profesa Ali Mazrui wa Mombasa alipata uzamivu wake Oxford mwaka 1966 akiwa Nuffield, koleji ya wahitimu inayopokea watu wa sayansi za jamii tu. Kwa mwanasayansi ya siasa kula meza moja kila siku na wachumi na wanasosholojia kulikuwa sehemu ya masomo yenyewe. Lakini mtaalamu wa kunde hana koleji ya kunde. Wenzake wa fani atakutana nao maabara.

Mhadhiri wetu alikuwa anashindania ufadhili wa chuo kikuu usiofungwa kwenye koleji yoyote. Kwa hiyo sababu kubwa ya kwenda Trinity haikumhusu, na iliyobaki ilikuwa sifa. Sifa hailipi kodi ya nyumba.

Na kodi ya nyumba ndiyo kiini cha kisa hiki. Naomba nikae hapa.

Tangu tarehe 1 Januari 2024 Uingereza imefunga mlango wa wategemezi kwa wanafunzi wengi. Anayesoma uzamili wa kawaida wa darasani haruhusiwi tena kuja na mke au mume na watoto, isipokuwa awe na ufadhili wa serikali wa kozi ya zaidi ya miezi 6. Aliyebaki na ruhusa ni mwanafunzi wa shahada ya utafiti, na uzamivu umo. Kwa hiyo familia hii iliruhusiwa. Ruhusa, hata hivyo, inatanguliwa na hesabu. Kwa maombi ya 2025 kabla ya Novemba, nje ya London, mwanafunzi alitakiwa kuonyesha pauni 1,136 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani pauni 10,224. Barua ya ufadhili ingeweza kumbebea hizo. Lakini kila mtegemezi alihitaji pauni 680 kwa mwezi kwa miezi hiyo hiyo, na watatu hao wanafika pauni 18,360, zaidi ya shilingi milioni 50, zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka. Ada ya huduma za afya ni pauni 776 kwa kila mtu kwa mwaka. Watu wanne kwa miaka mitatu tu: pauni 9,312, na hulipwa yote mwanzoni, kabla ya kupanda ndege.

Hizo ni za mlangoni. Ukishaingia, posho ya mwanafunzi wa uzamivu kwa kiwango cha chini cha mabaraza ya utafiti ya Uingereza ilikuwa pauni 20,780 kwa mwaka wa masomo 2025/26, ambayo ni kama pauni 1,731 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba viwili kwa mwenye nyumba binafsi mjini Cambridge mara nyingi inapita pauni 1,300 kwa mwezi, kabla ya umeme na joto. Toa mwenyewe uone kinachobaki kwa watu wanne. Huwezi pia kukimbilia kijiji cha mbali kilicho rahisi, kwa kuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Cambridge anatakiwa kuishi ndani ya maili 10 za kanisa la Great St Mary's, lililo katikati ya mji. Sheria hiyo ya zamani ipo hadi leo.

Hivyo swali la koleji likajigeuza. Badala ya kuuliza ipi ni bora, tukauliza ipi inaweza kuwapa watu wanne nyumba yenye jiko lao wenyewe, kwa kodi ambayo posho ile inaimudu. Neno jiko nalisisitiza. Katika koleji nyingi za zamani chumba cha mwanafunzi kina kona ya pamoja yenye jokofu na maikrowevu, maana ilidhaniwa kijana atakula bwaloni, na baadhi ya koleji hutoza mchango wa kudumu wa jiko, ule usile. Mama anayepika uji wa mtoto saa kumi na moja alfajiri hawezi kuishi hivyo.

Koleji kubwa za zamani zina nyumba kadhaa za familia nje ya kuta zake, lakini maisha yake yamejengwa kwa vijana wa miaka 18 hadi 21 wanaokaa mihula ya wiki 8 na kurudi makwao. Zipo koleji tano zilizojengwa kwa watu wazima, na ndizo tulizozichagua kutoka kwenye orodha ndefu. Darwin, iliyoanzishwa 1964, na Clare Hall ya 1966 hupokea wahitimu tu. Hughes Hall, St Edmund's na Wolfson hupokea wahitimu pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye miaka 21 na kuendelea. Clare Hall ilifikiria familia tangu siku ya kwanza: majengo yake ya 1969, ya msanifu Ralph Erskine, yalichorwa pamoja na nyumba za watafiti wanaokuja na watoto. Katika koleji za namna hii si ajabu kukuta kigari cha mtoto mlangoni mwa bwalo, na hakuna kuhamishwa chumba likizo zikifika.

Nilimpa kazi ya kuandika barua pepe moja fupi na kuituma kwa ofisi za koleji hizo tano na mbili za zamani. Sikutaka aeleze maisha yake, nilitaka maswali tu. Je, mnazo nyumba za mtu na mwenza na watoto wawili, na ni ngapi? Foleni yake hufunguliwa lini, na mtu hujiandikisha kabla au baada ya kupokea barua ya koleji? Kodi ya mwaka huu ni kiasi gani, na joto, maji, umeme na intaneti vimo? Hulipwa kwa mwezi au kwa muhula? Mkataba ni wa mwaka mmoja au hadi mwisho wa masomo?

Majibu yaliyorudi yalisema mengi kuliko tovuti. Ofisi moja ilijibu siku ya pili ikiwa na jedwali: ukubwa wa kila nyumba, kodi, kilichomo, na sentensi ya wazi kwamba nyumba za vyumba viwili ni chache na nyingi hazitakuwa wazi Oktoba. Nyingine ilituma kiungo cha ukurasa ule ule aliokwisha kuusoma. Moja haikujibu kabisa hadi fomu ilipokwisha kwenda. Mimi huamini kwamba ofisi inavyomjibu mtu ambaye bado si wake ndivyo itakavyomjibu atakapokuwa na shida, na jambo hilo nililiwekea uzito sawa na kodi yenyewe.

Kisha tukafungua ramani. Maabara aliyokuwa anaiendea ni kituo cha sayansi ya mazao kilichofunguliwa 2020 kwa ubia wa chuo kikuu na taasisi ya NIAB, barabara ya Lawrence Weaver, kaskazini magharibi mwa mji, pembeni ya Huntingdon Road. St Edmund's ipo upande huo huo, mlimani Mount Pleasant. Ukishuka mlango wa koleji na baiskeli unaifuata Huntingdon Road na dakika chache baadaye uko kazini. Karibu na hapo pia kuna Eddington, mtaa mpya wa chuo kikuu uliofunguliwa 2017 ukiwa na duka kubwa, na shule ya msingi ya chuo kikuu iliyotangulia kufunguliwa 2015. Mtafiti wa mimea ambaye lazima aende kuangalia miche Jumapili usiku ana sababu nzuri ya kuishi upande huo.

Hughes Hall iko upande wa pili, mashariki, jirani na Mill Road. Na Mill Road ndiyo barabara ambayo mtu wa pwani akiipita mara moja anaielewa. Ina bucha za nyama halali, maduka ya mboga ambamo unapata bamia na mihogo, na ukivuka daraja la reli unafika Msikiti Mkuu wa Cambridge, uliofunguliwa 2019 kwa kazi ya wasanifu wale wale wa London Eye. Nguzo zake za mbao zinapanda na kutandaza matawi darini kama miti, na unachukua waumini 1,000. Familia hii ni ya Kiislamu. Binti alikuwa ameanza madrasa Morogoro.

Mhadhiri alielemea St Edmund's. Hoja zake zilikuwa za kazi: maabara, miche, saa za usiku, baridi ya Januari juu ya baiskeli. Alikuwa na wasiwasi mdogo kwamba koleji hiyo ilianzishwa 1896 kama makazi ya Wakatoliki na hadi leo ina kanisa la Kikatoliki. Hilo halikunisumbua. Koleji hiyo hupokea watu wa dini zote na wasio na dini, na padri Georges Lemaître, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa nadharia ya mlipuko mkuu wa ulimwengu, aliishi humo 1923 hadi 1924 akisoma kwa mwanafizikia Arthur Eddington, aliyelelewa katika dhehebu la Waquaker.

Aliyebadilisha mazungumzo ni mkewe. Tulikuwa kwenye simu, wote watatu, na mhadhiri alikuwa anasoma umbali wa kila koleji hadi maabara. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Shikamoo mwalimu. Nimeelewa yeye atakuwa umbali gani na kazi yake. Mimi na huyu mdogo tutakuwa wapi mchana kutwa?"

Swali hilo halikuwa kwenye orodha yangu, na ninaona lilipaswa kuwa la kwanza. Koleji inamwandikisha mtu mmoja, lakini saa nyingi za mchana katika nyumba ya koleji huzipitisha yule ambaye hakuandikishwa. Mtegemezi wa mwanafunzi wa uzamivu anaruhusiwa kufanya kazi, ila muuguzi kutoka Tanzania hapandi wodi ya Uingereza hadi asajiliwe na baraza lao la uuguzi: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, mtihani wa vitendo. Ni miezi mingi. Katika miezi hiyo atakuwa mji wa kigeni na mtoto wa miaka miwili, jua likizama kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba, bila mama mkwe wala jirani wa kumshikia mtoto. Hospitali kubwa ya Addenbrooke's, ambako angependa kufanya kazi siku moja, ipo kusini, mbali na Huntingdon Road, ingawa basi la chuo kikuu hulifunga pengo hilo kwa kutoka Eddington hadi hospitalini.

Tukarudia maswali kwa macho yake. Je, koleji inawaruhusu wenza kuingia bwaloni, maktabani, kwenye bustani? Kuna uwanja wa watoto? Kuna wazazi wengine wanaoishi kwenye jengo lile lile, au nyumba zimetawanywa mitaani? Kuna kikundi cha mama na watoto kinachofikika kwa miguu? Koleji mbili zilijibu maswali hayo kana kwamba zinaulizwa kila wiki, na bila shaka zinaulizwa. Moja ilimtambulisha kwa mama mwingine, Mnigeria, mke wa mwanafunzi, aliyezungumza naye kwa WhatsApp hadi usiku. Baada ya mazungumzo hayo mama hakuwa na shaka tena ni koleji gani ya kwanza.

Waliandika koleji mbili, zote za watu wazima, moja kila upande wa mji. Sitaitaja iliyokuwa ya kwanza, kwa sababu wanaishi humo hadi ninavyoandika. Naweza kusema kwamba ilikuwa chaguo la mama, na kwamba mhadhiri alikubali safari ndefu zaidi ya baiskeli. Kwa maoni yangu aliamua vizuri. Mtafiti anaweza kupoteza nusu saa kwa siku. Nyumba ambayo mmoja wake hana furaha hupoteza zaidi ya hapo, na uzamivu wa miaka mitatu hauvumilii hilo.

Fomu ilikwenda Desemba. Barua ya idara ikaja Machi 2025, ya ufadhili Aprili, ya koleji wiki chache baadaye. Hapo kasi ina maana, kwani koleji hujaza nafasi kadiri barua zinavyotoka idarani, na nyumba za familia hujaa kabla ya vyumba. Alijiandikisha kwenye foleni ya nyumba siku ile ile. Bado hakupata nyumba ya Oktoba. Alichoahidiwa ni nyumba ya vyumba viwili kuanzia Januari, na chumba cha mtu mmoja kabla ya hapo.

Walijadiliana kama wote wakapange kwa mwenye nyumba binafsi miezi mitatu. Nilipinga. Wenye nyumba wengi hutaka mkataba wa miezi 6 au 12, na mgeni asiye na historia ya malipo Uingereza mara nyingi huombwa kodi ya miezi kadhaa mbele. Aliondoka peke yake Septemba, familia ikafuata Januari. Ilikuwa miezi migumu kwa mama, na sitaki kuipamba. Lakini pauni ambazo zingeliwa na nyumba ile zilibaki kwenye akaunti, na akaunti hiyo ndiyo iliyosimama mbele ya ofisa wa viza ya wategemezi.

Sasa yule mlezi. Kila mwanafunzi wa uzamivu Cambridge hupangiwa na koleji yake mtu wa kumwendea ambaye si msimamizi wake na, mara nyingi, si wa idara yake. Kwetu hatuna desturi hiyo. Mwanafunzi wa uzamivu akikorofishana na msimamizi, akiugua, au fedha zikichelewa, anabaki na msimamizi yule yule. Waombaji wetu wengi huenda mwaka mzima bila kumwona mlezi, wakidhani ni wa watoto wa shahada ya kwanza, au kwamba kwenda kwake ni kujishtaki. Nilimsihi mhadhiri aende kujitambulisha wiki ya kwanza, kabla hana shida yoyote, na amweleze wazi kwamba familia inakuja Januari.

Alikwenda. Februari binti alikuwa bado hajapangiwa shule na halmashauri, na mlezi ndiye aliyemwonyesha namna ya kujaza fomu ya watoto wanaoingia katikati ya mwaka na nani wa kumpigia simu. Kisha malipo ya mfadhili yakachelewa. Bili ya koleji huja kwa muhula, si kwa mwezi, na ya muhula wa Pasaka ilikuwa na kodi ya nyumba nzima ndani yake. Mhadhiri alinipigia akiwa na sauti ya mtu anayetafuta mkopo. Nilimuuliza kama amemwambia mlezi. Alikuwa hajamwambia, aliona aibu. Jioni ile akamwandikia. Kesho yake asubuhi jibu lilikuwa na mstari wa ofisi ya fedha: alipe kwa mafungu matatu, bila faini, la mwisho mwezi Juni. Chini yake mlezi aliongeza swali lake mwenyewe, kama binti ameanza kuzoea shule.